Land Rover 109 imeoza kwa chini, nataka kuifufua mwenyewe uani: nianzie wapi?

Kasa_Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Naomba nisikilizwe kwanza, kunicheka kuje baadaye.

Nimenunua Land Rover 109 (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) kwenye mnada wa vitu chakavu vya shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Ni Series III, yaani toleo la tatu, maana grili ni ya plastiki na mita za dashibodi ziko mbele ya dereva, hazikai katikati kama zile za kabla ya 1971. Pikapu, injini ya petroli ya 2286 cc. Ilikuwa imesimama nyuma ya karakana chini ya mwarobaini, rimu zimegusa ardhi, na kuku walishageuza kiti cha abiria kuwa kiota. Mlinzi akaokota mayai yake, akanikabidhi ufunguo ambao hauingii popote.

Mimi si fundi. Nashughulika na makaratasi ya mizigo bandarini Tanga. Muda wangu ni Jumamosi kuanzia mchana na Jumapili, basi. Gari nimeliweka uani kwangu Raskazone chini ya banda la mabati. Mama watoto ameridhia kwa masharti mawili: lisizibe kamba ya kuanikia nguo, na oili isifike kwenye mchicha wake.

Sasa hali yenyewe. Ukilitazama kwa mbali linapendeza. Kijani kimepauka, lakini mudigadi na boneti havina kutu hata kidogo. Nilipoinua raba ya sakafu upande wa dereva, nikabonyeza kwa kidole gumba pale chini ya pedeli ya klachi. Kidole kikapita. Kutu inabanduka tabaka kwa tabaka, la juu jekundu, la ndani jeusi, na kwa lile tundu nikayaona majani ya uani kwangu. Halafu chini ya mlango, pale bati la nje lilipokunjwa juu ya fremu, kuna unga mweupe umefura mpaka bati limepasuka kwenye mkunjo. Ukigusa unamwagika.

Nimemwita fundi bodi mmoja wa mtaani. Akalizunguka gari, akagonga boneti kwa vidole, akasema: "Hili mbona zima! Tunaziba na puti, tunapiga msasa, tunapuliza rangi, wiki mbili unatembea." Wepesi wa jibu lake ndio ulionitia wasiwasi.

Ninachouliza: nianze na nini, injini au kutu? Chesisi inaweza kuchomelewa nyumbani kwa umeme wa kawaida wa LUKU, au lazima niliburute mpaka gereji? Ule unga mweupe ni kitu gani, maana kutu ninayoijua ni nyekundu? Na kwa hapa Tanga, upepo wa bahari ukileta chumvi mchana na usiku, kazi hii ina maana yoyote, au nitakuwa naziba mbele huku kunaoza nyuma?

Mzushi_wa_Ngamiani

Pole sana mkuu. Bodi ya hiyo gari ni alumini, na kwa wanunuzi wa skrepa alumini ina bei kuliko chuma. Kata, uza, nunua pikipiki, Jumapili uende ufukweni kama watu wengine. Na yale mayai ungeyadai, yalikuwa ndani ya mali yako.

Bibi_Grainda

Mzushi tumemzoea. Hata mtu akiuliza kuhusu jenereta, yeye jibu ni pikipiki.

Mdogo wangu Kasa, mimi nimekulia gereji ya baba yangu Moshi, nyundo ya bodi niliishika kabla ya mwiko. Sasa hivi nauza vifaa vya ujenzi, na 109 ninayotembelea niliitengeneza uani jioni jioni na Jumapili baada ya ibada. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kwanza ujue umenunua nini.

Land Rover ni gari la kukudanganya kwa sura. Lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Alumini ndiyo ilipatikana, basi bodi wakaifanya ya alumini, na mtindo ule ukaendelea hata mgao ulipokwisha. Ndiyo sababu boneti yako haina kutu: haina chuma cha kushika kutu. Chini yake kuna chesisi ya chuma, mabati ya milimita 2 yaliyochomelewa yakawa boksi lenye uwazi ndani. Tope na maji vinaingia kwenye ule uwazi, njia ya kutoka imezibwa na tope lenyewe, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoiona kwa nje, ndani ilishamaliza kazi.

Vyuma vingine ni ule ukuta unaotenganisha injini na kabini, na hiyo sakafu ya miguu uliyoitoboa ni sehemu ya ukuta huo. Halafu fremu za milango, na fremu inayobeba rejeta. Vyote vinaoza huku boneti ikipendeza. Fundi wako alipogonga boneti alikuwa anamuuliza shahidi asiyekuwepo.

Unga mweupe ni alumini yenyewe inaliwa. Alumini ikigusana na chuma, halafu katikati kukapita maji yenye chumvi, mnakuwa mmetengeneza betri, na upande unaoliwa ni wa alumini. Ndiyo maana umeuona penye mkunjo juu ya fremu ya chuma na si katikati ya mlango. Pale hakuna rangi itakayosaidia. Bati linafunguliwa, unga unasafishwa mpaka uone alumini inayong'aa, fremu inapakwa praima, na kabla ya kurudisha unaweka kitu katikati visigusane tena. Mimi nakata vipande vya tyubu ya zamani ya gari, vyembamba, naviweka kila mahali alumini inapokalia chuma, hata chini ya kichwa cha bolti.

Kuhusu pa kuanzia, injini inangoja, ila iokoe sasa hivi kwa kazi ya nusu saa. Toa plagi zote nne, mimina oili mpya kidogo kila silinda, iache ilowe mpaka wiki ijayo. Kisha weka hendeli ile ya mbele, maana hiyo gari ina sehemu ya hendeli, ujaribu kuizungusha kwa mkono taratibu. Usipige starta. Kama ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda, starta itavunja kitu ambacho mkono wako ungekihisi mapema ukaacha. Ikizunguka, rudisha plagi, funika kabureta, sahau injini kwa miezi.

Halafu ulale chini ya gari. Weka stendi za chuma, usitegemee jeki peke yake na usiweke matofali ya saruji, yale yanapasuka bila kuaga. Chukua nyundo ndogo na chaki. Anza krosimemba ya nyuma, ile boriti inayobeba ndoano ya kuvutia. Uende vishikio vya springi za nyuma, kisha mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kubeba ukuta wa mbele na bodi, umalizie pembe za mbele zinazoshika bampa. Gonga kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia, na nyundo inaruka kurudi. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa na nyundo inabaki pale pale. Penye mashaka chokonoa na bisibisi ya zamani kwa nguvu, usilionee huruma, bora litoboke leo ukiwa umelala chini kuliko siku umebeba watoto. Piga chaki kila pabovu, upige picha, urudi hapa utuonyeshe.

Jambo moja tu nakuomba: usiinue bodi yote kwa pamoja. Vijana wanaona video za Wazungu wanafumua gari lote mpaka bolti ya mwisho, nao wanafumua, halafu gari linabaki vipande kwenye maboksi mpaka mwenyewe anahama mji. Wewe una Jumapili tu. Kata kimoja, weka kimoja. Mkono mbovu wa kushoto ukitoka, wa kulia bado umeshika ukuta mahali pake, kwa hiyo vipimo havikimbii. Na kabla ya kukata chochote, pima kwa futi ya kamba kutoka bolti ya springi ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, kisha upande wa pili. Andika ukutani kwa penseli. Ukimaliza kuchomelea, vipimo viwe vile vile.

Mwana_Likoni

Ndugu wa Tanga, salamu kutoka Likoni. Bahari ni hiyo hiyo moja, na upepo ni huo huo. Mimi niko na 88 iliyounganishwa Thika enzi za Leyland Kenya, na naiendesha mpaka leo, kwa hivyo usikate tamaa na chumvi.

Bibi amemaliza maneno ya chesisi. Mimi nikupe ya vitu vidogo, kwa sababu utashangaa: pesa nyingi huishia kwa bolti, bawaba, vishikio na vibati vidogo vidogo ambavyo dukani havipo. Usivitupe. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi, haya haya ya kupikia maharagwe. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita chatosha. Tumbukiza kipande chako chenye kutu kikiwa kimefungwa waya, na pembeni utumbukize chuma kingine cha kutupa, kipande cha nondo au bati zito. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi uende kwa kipande unachotaka kusafisha, chanya kwa kile cha kutupa. Visigusane. Vipovu vitaanza kutoka, uache mchana mzima. Ukitoa, kutu imekuwa tope jeusi la kusugua kwa brashi.

Ukigeuza waya utakula kipande chako badala ya kile cha kutupa, kwa hivyo angalia mara mbili. Vile vipovu vina hidrojeni, fanya uani penye upepo, na uzime chaja kwanza ndipo ung'oe waya, cheche moja yatosha kukushtua. Usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kile kisichoshika kutu kuwa upande wa chanya, maji yatageuka manjano na hayo ni sumu ya kromiamu, sio ya kumwaga karibu na mchicha wa shemeji. Na alumini usiiweke humo kabisa. Magadi yanaila.

Vipande visivyoingia kwa ndoo, tia kwa molasesi ile ya kulishia ng'ombe, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kwa pipa lenye kifuniko. Hii ni ya wiki mbili, tatu. Inafanya kazi polepole na haili chuma kizima, lakini harufu yake jirani atakuja kuuliza ni nini kimefia hapo. Nayo pia usiitie alumini.

Ukitoa chuma kwa magadi au molasesi, kioshe, kikaushe kwa jua kali, na praima ipakwe siku hiyo hiyo. Huku kwetu pwani chuma kitupu kikilala usiku mmoja nje, asubuhi kina rangi ya chai.

Kasa_Raskazone

Bibi, shikamoo. Mwana Likoni, ahsante, magadi nimeshanunua, muuza duka akaniuliza nina harusi ya watu wangapi.

Nimelala chini na nyundo. Ripoti ni hii. Krosimemba ya nyuma upande wa kushoto haikutoboka, ilimeza nyundo. Nilipoivuta ikatoka na donge la udongo mwekundu wa shambani uliogandamana ndani, mkavu kama tofali, na katikati ya ule udongo nyuzi za mkonge bado nyeupe. Nikaendelea kuchokoa mpaka karai likajaa. Mikono miwili inayobeba ukuta wa mbele imekwisha, wa kushoto unakatika kwa mkono. Mapaa yenyewe ya chesisi, yaani zile boriti mbili ndefu za pembeni, yanalia vizuri kuanzia mbele mpaka nyuma ya kabini. Karibu na kishikio cha springi ya nyuma kulia kuna urefu wa kama kiganja unaolia vibaya.

Injini: wiki nzima oili ilikaa kwenye silinda. Nikaweka hendeli, ikagoma. Nikaitikisa mbele na nyuma bila kulazimisha, ikagoma. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, ikajitoa polepole nusu mzunguko huku ikipumua kwenye kabureta, kiroboto cha oili kikanirukia shatini. Sasa inazunguka.

Jirani yangu ni fundi mageti. Ana mashine ndogo ya kuchomelea kwa rodi, ya inveta, anachomeka soketi ya kawaida. Anasema atanichomelea Jumapili kwa bei ya ujirani, na anataka aweke bati juu ya kila tundu bila kukata kilichooza, kwamba ni haraka na ni imara zaidi kwa sababu kutakuwa na chuma mbili. Pia anasema nisisahau kununua maziwa ya kunywa baada ya kazi, yanatoa moshi kifuani. Mnasemaje?

Bibi_Grainda

Marahaba mdogo wangu. Chesisi yako ni nzima kuliko nilivyotegemea. Mapaa yakilia, gari lipo.

Jirani yako anafaa, mradi afanye kazi kwa masharti yako. Bati juu ya kuoza hapana. Rodi inahitaji chuma cha kushikana nacho. Ukichomelea juu ya bati lililobaki unene wa karatasi, moto unatoboa pembeni, anafuata tundu, anatoboa tena, mwisho una kiraka kinachoning'inia kwenye kutu. Na katikati ya zile chuma mbili anazosifia, maji yatakaa yasione jua. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa baada ya kupitisha grainda. Kiraka kiwe bati la milimita 2 sawa na la asili, kona zake uzizungushe. Na pale karibu na springi, asije akakushonea mstari mmoja ulionyooka wima kukatiza paa la chesisi. Mstari huo ndio paa litakapokatikia siku umepakia mzigo. Kiraka cha ubavu kikatwe umbo la almasi, ili mishono ikae mshazari.

Kwa bati la milimita 2 rodi za milimita 2.5 zinatosha, mashine iwe kama ampea 70, ajaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Ashone kidogo, ahamie upande mwingine, arudi. Akishona mfululizo joto linavuta chuma na vile vipimo vyako vya ukutani vitakuja kukusuta. Umeme wa LUKU utabeba kazi hiyo, ila ekstensheni iwe ya waya mnene na ifunuliwe yote, usiiache imeviringwa, inachemka. Sakafu ya miguu ni hadithi nyingine. Bati lake ni jembamba, rodi italichana. Hiyo sakafu itengenezwe kipande kizima nje ya gari, na kushonea kwake utafute mtu mwenye mashine ya migi na gesi, ile inayochomelea kwa waya badala ya rodi, au uifunge kwa bolti na silanti (gundi ya kuziba maji) kwenye ukingo mzima. Mimi yangu imefungwa kwa bolti na haipitishi maji.

Krosimemba ya nyuma usiizibe viraka. Itoe yote. Wapo wanaouza iliyo tayari, na kama haipatikani, jirani mwenye kazi ya mageti atakukunjia bati hilo hilo la milimita 2 akutengenezee boksi. Kabla hajakata ya zamani, chomelea anglaini (chuma cha pembe) kwa muda kutoka paa la kushoto mpaka la kulia, ili mapaa yasitanuke. Achukue vipimo vya matundu ya bolti za bodi kutoka ile mbovu ikiwa bado iko mahali pake, akishaikata ni kubahatisha.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Tangi la petroli liko chini ya kiti. Litoke lote, lihame uani kabisa, si kufungua mfuniko tu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kinacholipuka ni mvuke. Ondoa waya wa betri. Uwe na ndoo za mchanga, na mtu wa kuangalia upande ambao fundi haoni, kwa sababu akiwa na miwani haoni kama kapeti imeshika moto.

Maziwa unywe kwa kuwa ni matamu. Hayatoi moshi kifuani, yanakwenda tumboni. Anachokikimbia jirani yako ni mvuke wa zinki: ukichomelea bati la mabati au kile chuma cha kingo za bodi kilichopakwa zinki, moshi mweupe ule unakuletea usiku homa na kutetemeka unadhani ni malaria. Dawa ni kusaga zinki yote kwa grainda inchi mbili kila upande kabla ya kuchomelea, ukiwa na barakoa nzuri, na kazi kufanyika nje, upepo ukipita kutoka ubavuni. Mwambie kwa heshima, watu wa fani hawapendi kunyang'anywa maziwa yao.

Karani_Mstaafu

Nimewasoma wote. Naomba niingilie jambo moja ambalo mafundi hulidharau.

Bwana Kasa, kabla hujanunua hata rodi moja, una kadi ya gari? Magari ya mashamba mara nyingi kadi zilipotea zamani, au gari bado liko kwa jina la kampuni iliyokwishabadilika. Chukua hati ya mnada, stakabadhi ya malipo na barua ya muuzaji, uende TRA uulize namba hiyo inasomeka kwa jina la nani. Ni afadhali ujue sasa kuliko baada ya rangi.

Pili, na hili ndilo limenifanya niandike: namba ya chesisi kwenye Land Rover hizo imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Ina kutu, huioni. Kijana mwenye grainda atapita juu yake kwa sekunde tatu, na hapo utakuwa na gari lisilo na kitambulisho. Isafishe kwa mkono, brashi laini ya waya na mafuta ya taa, ipige picha kwa jua la asubuhi likija kwa ubavu ili namba zitoe kivuli. Ilinganishe na kibati cha kwenye kabini. Kisha ifunike kwa grisi na plasta nene, uandike "USIGUSE".

Kasa_Raskazone

Mzee Karani, shikamoo na ahsante sana. Nimekwenda na mafuta ya taa sasa hivi na tochi ya simu. Namba ipo, tarakimu ya mwisho imefifia lakini inasomeka, na inalingana na kibati. Kadi ninayo nakala tu, Jumatatu naomba ruhusa kazini nipite TRA.

Bibi, swali la mwisho kabla sijaanza kukata. Tukishamaliza kushona, ndani ya lile boksi la chesisi nitapakaje rangi na mkono hauingii? Madereva wa malori hapa Kange wanasema mwaga oili chafu iliyochanganywa na dizeli, tembea barabara ya vumbi, itajitengenezea koti lake.

Bibi_Grainda

Oili chafu usitie. Imetoka kwenye injini na asidi na maji yake, na ikidondokea bushi za raba za springi inazivimbisha. Na kwa mke mwenye mchicha ndiyo utafukuzwa.

Fanya hivi. Subiri kiangazi, ndani pakauke kweli. Osha chesisi kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ingiza mpira wa maji kwenye matundu mpaka yatoke masafi, kisha uache siku kadhaa za jua. Yale matundu ya chini ya kutolea maji yachokonoe yote, na kwenye krosimemba mpya mwambie jirani atoboe mengine, chini kabisa, si ubavuni. Nje pakwe redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili, ikikauka rangi nyeusi ya mafuta. Ndani tafuta nta ya kupuliza ya magari kama mkoba unaruhusu. Kama hauruhusu, oili mpya ya bei nafuu ya giaboksi, ipulizwe kwa bunduki ya kompresa yenye mrija mrefu, mrija uingie mpaka mwisho ndipo uanze kuuvuta huku unapuliza. Utajua imefika ikianza kudondoka kwenye matundu. Tandika magazeti chini, uliache gari lidondoke usiku kucha. Rudia kila mwaka kabla ya masika.

Upande wa bahari, kila ukitoka kulisafirisha njia ya ufukweni, mpira wa maji chini kwa dakika tano, hasa nyuma ya magurudumu. Bodi ya juu usihangaike nayo.

Rangi ya kijani tutaizungumza mwakani. Kanunue rodi, na mwambie jirani aanze na mkono wa kushoto.